Hali, utaratibu au kuitikia? Fasili tatu za hipnosisi kwa anayelazimika kuchagua moja

Nikiwa darasa la tano, Kirumba, Mwanza, mtu wa mazingaombwe alikuja shuleni kwetu. Tulitoa kiingilio, tukabanana darasani, na baada ya karata na vitambaa vyake akamwita mwenzetu mmoja mbele. Akamkalisha kwenye benchi, akamwambia afumbe macho amsikilize yeye tu. Akaongea naye kwa sauti ya chini, muda mrefu kuliko tulivyopenda. Kisha akamwambia: benchi hili ni mtumbwi, mtumbwi unavuja, na Jiwe la Bismarck kule ziwani bado liko mbali. Mwenzetu akaanza kukumba maji. Alikumba kwa viganja viwili, mbio mbio, anamwaga ubavuni, anakunja miguu isilowe. Tulivunjika mbavu. Jioni, tukishuka kuelekea Mwaloni, tukambana: ulikuwa unaigiza wewe? Akasema, "Nilikuwa najua ni benchi. Ila mikono ilikuwa inakumba yenyewe."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na bado sijakutana na kauli inayobeba ugomvi wa wanasayansi kuhusu hipnosisi vizuri kuliko hiyo. Kambi moja imeshika nusu yake ya pili: mikono inakumba yenyewe, basi akili imeingia katika hali nyingine. Kambi ya pili imeshika nusu ya kwanza: alijua ni benchi, akili zake zilikuwa timamu, akafanya alichoitiwa mbele ya shule nzima. Wapo na wa tatu wanaosema tuache kwanza ya kichwani, tuandike kilichofanyika pale mbele: mtu mmoja alimwongoza mwenzake kwa maneno, basi.

Andiko hili ni kwa ambaye hawezi kukwepa kuchagua: mwanafunzi wa saikolojia pale Nyegezi aliyefika sura ya kwanza ya tasnifu, muuguzi wa Bugando anayetaka kumweleza mgonjwa, mtangazaji wa redio aliyeletewa mgeni anayejiita bingwa wa hipnosisi. Mimi mwenyewe nililipa gharama ya kutochagua. Kamati moja ya maadili ilinirudishia andiko langu la utafiti likiwa na maoni mafupi pembeni: ukurasa wa tatu unasema hipnosisi ni hali, ukurasa wa kumi na moja unamhesabu kila aliyesomewa maneno kuwa amefanyiwa hipnosisi, uko upande gani? Nilinuna wiki nzima. Walikuwa sahihi.

Kwanza, maneno

Mitaani tunasema "kiini macho", "kupumbazwa", "kulazwa usingizi". Yote matatu yameshaamua kesi kabla haijasikilizwa, kwa hiyo nitasema hipnosisi. Yale maneno ambayo mwongozaji anayatoa ili uyasikie mwilini, kama "mkono wako unazidi kuwa mzito", nitayaita dokezo. "Pendekezo" linanuka kikao cha kamati, na "amri" si kweli, kwa sababu anayeamriwa hujua kwamba ametii. Uwezo wa mtu kupokea madokezo, ambao hutofautiana sana kati ya watu, nitauita wepesi wa kuitikia.

Nitapima kwa nini

Nina maswali manne, na kila fasili itaulizwa yale yale. Inasema nini hasa, na imesimama juu ya ushahidi gani? Inapimika, yaani naweza kusema huyu yumo na yule hayumo? Inaweka mpaka kati ya hipnosisi na mambo yanayofanana nayo? Na ikitamkwa kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe, inaeleweka au inatisha?

Swali la nne huwezi kulikuta katika majarida ya Ulaya na Marekani. Kwangu mimi ndilo zito kuliko yote.

Ugomvi ulikotoka, kwa kifupi

Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza tiba ya "sumaku ya wanyama", nguvu isiyoonekana iliyodaiwa kupita mwilini na kuponya, iliyotokana na daktari Franz Mesmer. Ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Waliwafunga watu macho, wakagundua kwamba anayedhani anapitishiwa sumaku hutetemeka hata asipopitishiwa kitu, na anayepitishiwa bila kujua hutulia tuli. Wakaandika: ni nguvu ya kuwazia. Mwaka 1843 James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester, akaeneza jina jipya kutoka neno la Kigiriki la usingizi, halafu akalijutia, maana aliona wengi hawalali. Akajaribu kulibadilisha kwa neno lenye maana ya "wazo moja". Watu walishalizoea la kwanza. Baadaye Ufaransa ikagawanyika tena: daktari Charcot wa Paris akisema ni hali ya neva inayoshabihiana na ugonjwa, daktari mwenzake Bernheim wa Nancy akisema ni dokezo tu.

Aliyewahi kusimama uwanjani Bujora wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, ataelewa haraka. Vyama viwili vya ngoma hushindana: Bagika wanacheza upande huu, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na umati unahamia palipochangamka. Ndivyo hipnosisi ilivyoishi kwa zaidi ya miaka mia mbili, umati ukihama kila kizazi.

Fasili ya kwanza: hipnosisi ni hali

Hii ndiyo iliyotolewa mwaka 2014 na Kitengo cha 30 cha Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kinachoshughulikia hipnosisi. Kwa maneno yangu: ni hali ya fahamu ambamo umakini umekusanywa mahali pamoja, mtu hatambui sana yanayoendelea pembeni, na uwezo wake wa kuitikia madokezo umeongezeka.

Ushahidi wake si haba. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake walipima ubongo wa watu waliotumbukiza mkono katika maji ya moto ya kuumiza. Walipodokezwa kwamba maumivu hayakeri, shughuli ilipungua katika sehemu ya ubongo inayohusika na kero ya maumivu, huku sehemu inayopokea hisia yenyewe ikibaki karibu ilivyokuwa. Mwaka 2016 kundi la David Spiegel, Stanford, likaripoti kwamba watu wepesi sana kuitikia, wakiwa katika hipnosisi, hubadilika katika namna sehemu fulani za ubongo zinavyowasiliana. Kabla yao, Ernest Hilgard alikuwa ameeleza kwamba akili inaweza kujigawa. Mtu mwenye mkono katika maji ya barafu anasema hasikii maumivu makali, lakini Hilgard akiita "mtazamaji aliyejificha" ndani ya mtu huyo huyo, anajibiwa kwamba maumivu yapo.

Kisha panaanza kuyumba. Nicholas Spanos alibadilisha maelezo wanayopewa washiriki, na mtazamaji aliyejificha naye akabadilisha ushuhuda wake, akasikia maumivu zaidi au pungufu kufuatana na alivyotayarishwa. Na picha za ubongo, kwa uzuri wake wote, zinaonyesha kwamba dokezo linafanya kazi kweli. Hazisemi lazima kwamba kulikuwa na hali ya pekee iliyolitangulia. Mwaka 2015 Steven Jay Lynn, Irving Kirsch na wenzao waliandika kwamba fasili hii ni hatua ya kurudi nyuma.

Mimi tatizo langu ni la kupima. Chukua wanafunzi arobaini, wasomee wote maneno yale yale ya kuingizia, yaani utangulizi wa kumwingiza mtu katika hipnosisi kabla ya madokezo. Kumi hawaitikii chochote. Je, walikuwa katika hipnosisi? Kwa fasili hii, hapana, kwa sababu uwezo wao wa kuitikia haukuongezeka. Lakini nimejuaje kwamba haukuongezeka? Kwa kuwa hawakuitikia. Mzunguko huo ndio ulionirudishia andiko langu.

Mipaka yake pia imelegea. Shemeji yangu huvua dagaa. Usiku wa giza, karabai ikiwaka juu ya maji, hukaa akiutazama ule mduara wa mwanga mpaka umwite mara tatu ndipo ageuke. Umakini umekusanyika, ya pembeni yamefifia. Theluthi mbili za fasili ameshatimiza, na hakuna aliyemwingiza popote. Anayetetea fasili atasema theluthi ya tatu haipo. Sawa, ila hakuna aliyempima.

Na Kiswahili? Hapa ndipo inapoanguka vibaya. Ukimwambia mgonjwa "utaingia katika hali tofauti ya fahamu", neno analolisikia ni fahamu, na jirani yake wa siku zote ni kupoteza. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisafishwa kidonda cha moto mguuni, nilimweleza hivyo kwa ufasaha niliojivunia. Akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo ni nusu kaputi?" Hapana mama, nikasema, utakuwa macho. "Basi ni kupandisha?" Maneno mawili yangu yalikuwa yamemtembeza kutoka chumba cha upasuaji hadi kwa mganga wa mashetani, na kidonda hatujakigusa.

Inamfaa anayechunguza ubongo, kwa sababu swali lake lenyewe ni kama ipo hali au haipo, na inamfaa tabibu aliyezama katika mapokeo hayo na anayetumia vipimo vya wepesi wa kuitikia. Wapo pia wagonjwa wanaovutwa na wazo la kuingia mahali pa utulivu. Hao usiwanyang'anye.

Fasili ya pili: hipnosisi ni utaratibu

Kitengo kile kile cha 30 kilishawahi kusema hivi, mwaka 1993 na tena mwaka 2003. Hipnosisi ni utaratibu ambao mtu mmoja anaongozwa na mwingine kuitikia madokezo ya mabadiliko katika hisia, mtazamo, mawazo au tabia. Ile ya 2003 ikakubali pia mtu kujiongoza mwenyewe. Waandishi walitaka kauli ambayo kambi zote zingeweza kuitia saini, kwa hiyo suala la hali wakaliacha wazi.

Haitegemei ushahidi wa ubongo hata kidogo, na hiyo ndiyo nguvu yake. Inapimika kwa macho. Maneno ya kuingizia yalisomwa? Madokezo yalitolewa? Basi hipnosisi ilifanyika, na wale kumi wasioitikia wanahesabika kama waliofanyiwa bila mafanikio, kama tunavyomhesabu aliyechomwa sindano isimsaidie. Vipimo vya Stanford vya Weitzenhoffer na Hilgard, vilivyoanza kutumika mwaka 1959, vinaingia humu bila kusukumwa: madokezo kumi na mawili kwa mpangilio, na alama kwa kila linaloitikiwa.

Udhaifu wake ni ule wa kila mkataba wa amani: hauelezi vita vilihusu nini. Ukisema hipnosisi ni kutoa madokezo baada ya utangulizi, mtu atakuuliza utangulizi upi. Watu wengi hudhani lazima uwe wa kulegeza mwili, lakini mwaka 1976 Éva Bányai na Hilgard waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya mazoezi, wakawaongoza huku wakikanyaga kwa nguvu na macho wazi, wakaitikia madokezo karibu sawa na waliolegezwa. Halafu kuna jina lenyewe. Mwaka 2005 Gandhi na Oakley walitumia maneno yale yale ya kuingizia, kundi moja likaambiwa ni hipnosisi, jingine likaambiwa ni kupumzisha mwili. Walioambiwa ni hipnosisi waliitikia zaidi. Kwa hiyo je, jina ni sehemu ya utaratibu? Fasili ya 2003 ilikiri kwamba wataalamu hawaelewani hata juu ya hilo, ikasonga mbele.

Mpaka wake, hata hivyo, ni safi kuliko wa ndugu zake wote wawili. Shemeji na karabai yake wako nje, maana hapana mwongozaji wala dokezo. Mwenzetu na mtumbwi wake yumo.

Kwa Kiswahili inakaa vizuri kabisa. "Mama, nitakuongoza kwa maneno, utawazia mguu wako umo ndani ya maji baridi ya ziwa asubuhi, na tutaona kama kidonda kitakera kidogo. Ukitaka tuache, sema." Huo ni utaratibu ulioelezwa mwanzo hadi mwisho bila neno fahamu kutajwa. Inamfaa anayeandika tasnifu, fomu ya ridhaa, au mwongozo wa wodi. Haimfai anayetaka kuelewa kwa nini mikono ilikumba yenyewe.

Fasili ya tatu: hipnosisi ni kuitikia

Kambi hii hupendelea kuitwa ya kijamii na kiutambuzi. Ina wazee wengi: Theodore Sarbin aliyezungumzia kushika nafasi uliyopewa, T. X. Barber aliyeonyesha kwamba watu waliohimizwa tu kujitahidi kuwazia, bila maneno yoyote ya kuingizia, huitikia madokezo kwa kiwango kinachokaribia cha walioingizwa, Spanos niliyemtaja, na Kirsch na uzito wake juu ya matarajio. Wanachosema ni hiki: mtu anaingia akijua hipnosisi inatakiwa kuwaje, anatarajia, ana nia, anawazia, na tabia inafuata. Hakuna hali ya pekee inayohitajika kueleza chochote. Kirsch alifika mahali pa kuifananisha hipnosisi ya tiba na kidonge kisicho na dawa, ila kisicho na udanganyifu ndani yake.

Watu huisoma vibaya. Wanadhani inasema kila mtu anaigiza. Sivyo, wengi katika kambi hii wanakubali kwamba anayesema "mikono ilikumba yenyewe" anaeleza alichokihisi kweli. Wanachobishania ni chanzo cha hisia hiyo. Zoltán Dienes na Josef Perner walipendekeza mwaka 2007 maelezo ambayo mimi huyapenda kwa urahisi wake: mtu anakusudia kukumba, lakini hana habari na kusudi lake. Kusudi lipo, taarifa ya kusudi haipo, basi mkono unaonekana kujiendea. (Hao wawili si wa kambi hii kwa usajili. Nimewakaribisha mwenyewe.)

Inapoyumba ni kwa wale wachache walio wepesi mno, takriban mmoja katika kila watu kumi hivi. Mwaka 1989 Piccione, Hilgard na Zimbardo waliripoti kwamba watu waliopimwa wepesi wao na kupimwa tena baada ya miaka 25 walikaribia kubaki palepale. Kama yote ni matarajio na mazingira, na matarajio hubadilika, kwa nini wepesi haubadiliki? Wana majibu, si ya kudharau, lakini swali linauma. Na Martin Orne, tangu 1959, alikuwa amewachanganya watu walioambiwa waigize hipnosisi na wale wa kweli. Wengi wa waigizaji huiga vizuri, ila si kila kitu walichofanya kilifanana na cha wenzao.

Mpaka ndio haupo kabisa. Kama hipnosisi ni kuitikia wito kwa matarajio na kuwazia, basi sehemu kubwa ya maisha ya watu ni binamu zake. Wenye kambi hawaoni hilo kuwa aibu. Wanasema ndiyo hoja yenyewe.

Kwa Kiswahili, ni kama ilizaliwa hapa. "Kupumbazwa" na "kulazwa" vina mtendwa asiye na la kusema. "Kuitikia" kuna mtu anayefanya kitu. Wavuta nyavu wanajua: mwimbishaji anatoa, mikono ishirini inaitika, na baada ya beti kadhaa hakuna anayeamua kuvuta, wavu unakuja. Kokoro limepigwa marufuku, na ni sawa, lakini nyimbo zake wazee bado wanazo. Ukimwambia mgonjwa "mimi naanzisha, wewe unaitika" umemweleza kambi nzima, na umemwachia uwezo wa kunyamaza.

Hatari yake ni moja, nayo nimeiona. Mwambie mgonjwa mwenye maumivu "ni matarajio yako tu", atasikia kwamba unamwita mwongo.

Kwa hali yako

Kama unaandika tasnifu au andiko la utafiti na utapima watu, shika ya utaratibu kwenye sura ya kwanza, na ueleze kwa aya moja kwamba mjadala wa hali umeuacha wazi kwa makusudi. Kisha wepesi wa kuitikia uufanye kipimo tofauti, usiuingize ndani ya fasili. Msimamizi akiwa mfuasi wa hali atakuuliza maswali. Jibu kwamba fasili yako haimpingi.

Kama utafiti wako ni wa ubongo, au unalinganisha walioingizwa na wasioingizwa, huwezi kukwepa ya kwanza. Itaje, itaje na pingamizi la 2015 chini yake, na hakikisha una kundi lililopewa madokezo yale yale bila maneno ya kuingizia. Bila kundi hilo huna hoja, hata picha zikiwa na rangi za kupendeza namna gani.

Kama ni muuguzi au mshauri nasaha, na una mafunzo ya kazi hiyo, andika utaratibu kwenye fomu na utumie lugha ya kuitikia mdomoni. Neno fahamu liache ofisini. Mgonjwa mwenye historia ya kusikia sauti au kuona yasiyoonekana mpeleke kwanza kwa daktari wa akili, fasili yoyote uliyonayo.

Mtangazaji, muulize mgeni wako swali moja kabla hamjaingia hewani: mtu asipoitikia kabisa, utasema alikuwa katika hipnosisi au hapana? Jibu lake litakuonyesha yuko kambi gani, na kama hajawahi kulifikiria, utajua mapema.

Na mwalimu mkuu anayeombwa kiingilio cha mazingaombwe, kwako fasili si shida. Ulizia tu kama mtoto atakayeitwa mbele ataruhusiwa kukataa. Mwenzetu, nilipomkumbusha hadithi hii mwaka jana tukisubiri kivuko cha Kamanga, alicheka sana, kisha akasema jambo ambalo hakulisema siku ile: alitaka kuacha kukumba mapema, ila aliona tunafurahi.